Mtoto wa miezi mitatu hajichubui

Homa ndiyo iliyomleta mama yule kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, na mtoto wake wa miezi mitatu. Nilipokunja sikio la mtoto nikakuta nyuma yake michubuko miwili midogo, imekaa kama ncha za vidole. "Alianguka kitandani, dokta."

Mtoto asiyetambaa wala kujishikilia asimame hana namna ya kujichubua. Anayetembea huumia magoti, miundi na paji la uso, na hiyo ni michezo. Lakini mchubuko wa sikio, shingo au kiwiliwili kwa mtoto wa chini ya miaka 4, au wa mahali popote kwa mtoto wa miezi 4 kurudi chini, hauachwi upite.

Basi namvua nguo zote, hata nepi. Tahadhari hapa: watoto wetu wengi huzaliwa na mabaka ya buluu kiunoni na matakoni. Hayaumi, wala hayafifii kwa siku chache kama mchubuko. Nimewahi kumzuia muuguzi kijana asimtuhumu mzazi kwa baka la kuzaliwa nalo.

Kuungua nako kunasema. Maji ya bukari (ugali) yakipinduka kwenye mbabula, jiko la makaa, hurukia huku na huku, matone hayana mpango. Miguu iliyozamishwa kwenye maji ya moto huungua yote miwili sawasawa, kwa mstari ulionyooka kama wa soksi.

Aliye chini ya miaka 2 napiga radiografi (picha ya eksirei) ya mifupa yote, na kuirudia baada ya wiki mbili hivi, kwa sababu ubavu uliovunjika karibu na uti wa mgongo mara nyingi hauonekani siku za kwanza. Napima pia kuganda kwa damu, nisije nikamwita mtesaji mtu ambaye mtoto wake ni mgonjwa.

Siulizi "nani kampiga?" Nasema, "Mama, nielezee jana tangu asubuhi," na kuandika maneno yake yalivyo, na saa. Kisha namlaza mtoto, hata kama jeraha ni dogo, kwa kuwa kitanda cha wodi ndiyo salama niliyo nayo usiku huo. Kuanzia hapo siko peke yangu: kuna mtumishi wa huduma za jamii, na kuna sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009.

Siku ya pili mama alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kumleta na kaka wa mtoto huyo, aliyebaki nyumbani.

"Mlete leo, mama. Usingoje kesho."