Real Madrid haina timu ya futsal

Vijiweni Ngamiani, hapa Tanga, kauli hii haifi: ligi kuu ya futsal, yaani soka ya ukumbini, ya Hispania ni ya Barcelona na Real Madrid, kama ilivyo kwenye soka. Sivyo. Real Madrid haina kabisa timu ya futsal. Barcelona imo, tena ina nguvu. Lakini ligi hiyo, iliyoanza msimu wa 1989/90, imebebwa pia na klabu za futsal tupu. Inter, si ile ya Italia, ilianzishwa mwaka 1977 na mtangazaji wa redio, José María García. ElPozo ya Murcia ina jina la kampuni ya nyama. Hilo nalipenda mno! Anayetaka kuifuata ligi hii aanze na mechi ya Inter na ElPozo: watano kwa watano, makipa wakiwemo, na saa husimama kila mpira ukitoka.