Daftari na Dirisha: Kuipima Python kwa Sampuli

Nje ya dirisha la ofisi yetu hapa Wandegeya, Kampala, kuna steji ya bodaboda. Tuseme nataka kujua siku ya dereva inaishia wapi. Naweza kumpa kila mmoja daftari asaini akiondoka na akirudi. Mwenye safari ya Entebbe hatahisi kitu; mwenye visafari vya dakika tatu atashinda akisaini. Ama nichungulie dirishani kila baada ya muda, niandike nilichokiona.

Ndivyo ilivyo pia kwa programu, ukitaka kujua muda wake unaishia wapi: unatumia profaila, yaani kifaa cha kupima hilo. cProfile, inayokuja na lugha ya Python yenyewe, ni daftari. Profaila ya sampuli ni dirisha.

Programu yetu hulinganisha miamala ya pesa za simu na vitabu vya SACCO (chama cha akiba na mikopo), karibu miamala milioni moja kwa ripoti. Ilikuwa inachukua dakika 6. Sote, mimi wa kwanza, tuliapa kwamba mchawi ni hifadhidata. Nikaendesha cProfile: programu ikazidi kukokota, na lawama zikaangukia vifankisheni (vipande vya msimbo) vidogo vinavyoitwa mara nyingi. Wale wa visafari vifupi.

Ndipo nikachukua py-spy, profaila ya sampuli. Imeandikwa kwa lugha ya Rust, nayo hukaa nje ya programu: husoma kumbukumbu ya mchakato unaoendelea na kuangalia uko mstari gani na nani kauita, kwa kawaida mara 100 kwa sekunde. Hubadilishi msimbo, huzimi kitu. (Huusimamisha mchakato kufumba na kufumbua kila inaposoma, kuna --nonblocking kwa asiyetaka hata hilo, ila sampuli nyingine zitaharibika.)

sudo py-spy record --pid 4821 --duration 300 -o picha.svg

(4821 ni namba ya mchakato, 300 ni sekunde.) Ukiwa ndani ya Docker, inayoendesha programu katika visanduku vilivyotengwa viitwavyo kontena, ipe kontena ruhusa ya SYS_PTRACE, ya kuchungulia mchakato mwingine, la sivyo utagonga mwamba.

Dakika 5, sampuli 30,000 hivi, zikawa mchoro wa ndimi za moto. Kila kipande ni fankisheni, na upana wake ni idadi ya sampuli ilimoonekana. Kushoto na kulia si mapema na baadaye. Kosa hilo hulifanya karibu kila anayeuona mara ya kwanza. Kipande kipana kupita vyote kilikuwa datetime.strptime, inayogeuza maandishi kuwa tarehe. Tarehe! Tulikuwa tunachambua tarehe zilezile upya katika kila hatua, kwa fankisheni ambayo kazi yake kubwa hufanywa kwa Python tupu. Faili zetu zina tarehe za muundo wa ISO (mwaka-mwezi-siku), kwa hiyo nikaweka datetime.fromisoformat, iliyoandikwa kwa C, lugha yenye kasi zaidi.

Nikataka kutangaza hifadhidata haina hatia. Kumbe py-spy huziacha nyuzi (mikondo ya kazi ndani ya programu) zilizolala, na uzi unaosubiri jibu la hifadhidata huhesabiwa kuwa umelala. Nikarudia kwa --idle, inayohesabu na zilizolala. Hifadhidata ikajitokeza, si haba.

Sasa ripoti hutoka kwa dakika 3, na katika picha mpya kipande kipana ni hiyohiyo hifadhidata. Mwenzangu ameichapisha picha hiyo na kuibandika juu ya meza yangu.