"Sista, Nimempumzisha Tumbo": Maswali ya Akina Mama Kuhusu Kuhara

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya upande wa Eastlands, Nairobi. Mvua ndefu zikianza, kati ya Machi na Mei, mitaro hufurika, maji ya mfereji hubadilika rangi, na benchi letu la asubuhi hujaa akina mama wenye watoto wanaohara. Wengi huniambia neno moja: "Sista, nimempumzisha tumbo." Maana yake mtoto hajapewa maji tangu jana.

Kuhara ni nini hasa?

Ni kwenda choo laini au cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku. Mtoto mchanga anayenyonya huwa na choo laini mara nyingi na haumwi. Wewe mama unaijua kawaida yake, angalia kama imebadilika.

Nikimpa maji anaendesha zaidi. Si afadhali nimnyime kidogo ili tumbo lifunge?

Hapana. Nasema hapana, mama yangu. Choo kitatoka hata usipompa tone, kwa sababu maji yanayotoka ni ya mwili wake mwenyewe. Ukimnyima, unachofunga si tumbo, ni njia ya kurudisha kile alichopoteza. Mtoto anayekufa kwa kuhara mara nyingi huuawa na kukauka.

Kuna mama aliyekuja na mtoto wa miezi 9. Alipofungua leso, nilifinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili nikaiachilia. Ikabaki imesimama kama mkunjo wa kitambaa. Macho yalikuwa yamezama, na alikuwa analia bila machozi. Mama akaniambia kwa matumaini kabisa, "Naona anapata nafuu, hata mkojo umepungua." Ule mkojo uliopungua ndio uliokuwa hatari yenyewe. Tulimtundikia dripu akapona, lakini angeanza kupewa maji kwa kijiko jana yake pengine asingechomwa sindano hata moja.

Basi nimpe nini?

Titi, kama ananyonya, tena mara nyingi kuliko kawaida. Halafu ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Soma pakiti kabla ya kuichanganya: nyingine ni ya nusu lita, nyingine ni ya lita moja. Ukiweka maji machache unamlisha chumvi nyingi. Ukizidisha maji dawa inakosa nguvu. Pima kwa chupa safi unayojua ujazo wake, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na yakibaki baada ya saa 24 mwaga.

Mtoto wa chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu kikombe, kila baada ya kuhara. Wa miaka 2 hadi 10 mpe nusu kikombe hadi kikombe kizima. Duka limefungwa na huna pakiti? Lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usikadirie kwa mkono. Soda na glukosi ya kopo si ORS: sukari nyingi huvuta maji zaidi kuingia tumboni, na chumvi anayoihitaji haimo.

Omba zinki pia. Kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi ni miligramu 20 kwa siku; wa chini ya hapo, 10. Hupewa kwa siku 10 hadi 14. Wengi huiacha siku ya tatu choo kikishakauka. Maliza dozi.

Anatapika kila kitu ninachompa.

Ngoja dakika 10, kisha anza tena kwa kijiko cha chai, kimoja kila dakika moja au mbili. Kutapika si sababu ya kumnyima maji.

Mama mkwe anasema ni meno yanaota, tungoje.

Heshima kwa mama mkwe, lakini meno hayaharishi mtoto. Umri wa kuota meno ndio umri wa kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, na uchafu huingia hapo. Ukingoja jino litokeze, unangoja huku maji yanamtoka. Na wale wanaokwangua ufizi kutoa "meno ya plastiki" wanamuumiza na kumwachia vidonda. Hakuna meno ya plastiki.

Kemisti aliniuzia dawa ya amiba na ya kufunga tumbo.

Kuhara kwingi kwa watoto huletwa na virusi, na dawa ya amiba haiui virusi. Dawa za kufunga tumbo hazifai kabisa kwa mtoto mdogo. Pesa hiyo ingenunua ORS na zinki. Isipokuwa choo kina damu: hapo usinunue chochote, njoo kituoni, kwa sababu anahitaji dawa iliyochaguliwa na anayemwona.

Chanjo ya virusi vya rota, ambavyo huharisha watoto, hutolewa bila malipo nchini tangu 2014, na dozi ya kwanza ni mtoto akiwa na wiki 6. Ikikupita wiki hiyo, njoo uulize mapema, maana ina umri wa mwisho.

Aendelee kula?

Ndiyo. Uji, wali laini, ndizi, viazi vilivyopondwa, kidogo kidogo mara nyingi. Akipona mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili.

Na mimi mtu mzima, tumbo linajaa gesi kila jioni?

Mara nyingi ni kula haraka, soda, kabichi, au maharagwe ambayo hayakulowekwa. Loweka usiku kucha na umwage maji yale. Kama maziwa yanakuvuruga, yaache wiki moja uone. Ukikonda bila sababu, ukipata choo cheusi au chenye damu, njoo upimwe, usijitangazie amiba.

Nikimbilie hospitali lini?

Mtoto asipoweza kunywa au akitapika kila kitu. Akilegea au akiwa mgumu kuamka. Macho au utosi ukididimia. Asipokojoa kwa saa 6. Choo chenye damu. Choo cheupe kama maji ya kuoshea mchele, kinachotoka kwa wingi bila kukoma: hicho kinaweza kuwa kipindupindu, na mtu mzima pia anaweza kukauka nacho kwa saa chache. Usingoje asubuhi. Na mkiwa kwenye matatu au bodaboda, chupa ya ORS iwe mkononi, kijiko kiwe mdomoni mwake njia nzima.