DLA ya mtoto mwenye usonji: posho inayohesabu kazi ya kulea

DLA (Disability Living Allowance) ni posho ambayo serikali ya Uingereza hutoa kwa ajili ya mtoto aliye chini ya miaka 16 ambaye, kwa sababu ya ulemavu au maradhi, anahitaji matunzo au uangalizi kupita watoto wa umri wake. Ilianza mwaka 1992. Watu wazima walianza kuhamishiwa posho nyingine, PIP, mwaka 2013, lakini watoto wakabaki na DLA. Haitozwi kodi. Haiulizi mshahara wa baba wala akiba ya mama, na mzazi aliye kazini anaipata sawa na asiye na kazi. Scotland wana yao, Child Disability Payment, iliyoenea nchi nzima Novemba 2021. Anayeishi Glasgow aombe hiyo. Masharti yake yanafanana sana na haya.

Mzazi anapotoka kliniki na barua inayosema mtoto wake ana usonji (autism), au tawahudi kama wengine wanavyoita, huwa na moja ya mawazo mawili. Ama anadhani barua ile ndiyo pesa, kwamba akiionyesha tu atalipwa. Ama, kama barua haijatoka, anadhani hana ruhusa ya kuomba chochote mpaka itoke. Mawazo yote mawili yanazigharimu familia zetu fedha nyingi, na hili la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu foleni ya uchunguzi wa usonji huku mara nyingi hupita mwaka mzima. Mwaka mzima mama halali, na mwaka mzima haombi.

Ukweli ni kwamba DLA haifuati jina la hali ya mtoto. Inafuata kazi ya kumlea. Watoto wawili wanaweza kuwa na barua zinazofanana neno kwa neno, mmoja akapata kiwango cha juu na mwenzake asipate kitu. Na mtoto ambaye bado yuko kwenye foleni anaweza kupata, mradi mahitaji yake yawe yameendelea kwa miezi 3 na yatarajiwe kuendelea kwa miezi 6 mingine. Barua ya daktari husaidia sana kama ushahidi, ila si tiketi. Waliotoka Kenya huchanganyikiwa hapa, maana kule safari huanza na tathmini ya hospitali na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Huku hakuna kadi. Kuna fomu ndefu, na ndani ya fomu hiyo neno zito kuliko yote ni "zaidi".

Zaidi ya nani? Zaidi ya mtoto mwingine wa umri huohuo. Kila mtoto wa miaka miwili huvishwa nguo na hubadilishwa nepi, hilo halihesabiwi. Mtoto wa miaka minane ambaye bado anavishwa, anayelia kwa sababu mshono wa soksi unamkwaruza, ambaye kumtoa nyumbani asubuhi ni vita vya dakika arobaini, huyo kazi yake inahesabiwa yote. Watoto wote wadogo huchagua chakula. Anayekula vitu vitatu tu, vya rangi moja, kwenye sahani ileile, na ambaye ukibadilisha sahani halii tu bali hali kabisa mpaka kesho, huyo anahitaji mtu wa kukaa naye. Kumsaidia kuongea au kuelewa anachoambiwa kunahesabiwa. Kumtuliza anapozidiwa na kelele kunahesabiwa. Kumlinda asikimbilie barabarani, asipande dirishani, asile sabuni wala karatasi, hata kama siku nzima hakuna kilichotokea, kunahesabiwa pia, kwa sababu hakikutokea kwa kuwa wewe ulikuwepo.

Usiku una hesabu yake. Usiku hapa ni wakati ambapo nyumba nzima imelala. Kwa kawaida, ukiamka mara mbili au zaidi kwa ajili yake, au ukikaa naye kama dakika 20 hivi kwa mkupuo, usiku mwingi wa wiki, huo ni mzigo wa usiku. Akina mama wengi hawauandiki, kwa sababu wamekwisha kuuzoea.

Na hapa pana jambo letu sisi, ambalo Mwingereza anayetoa ushauri hataliona. Ukiulizwa mtoto hajambo, unajibu hajambo, alhamdulillah, anaendelea vizuri. Ndivyo tulivyolelewa, mtu hamwagi siri za mwanawe mbele ya watu, na hamsemi mtoto vibaya. Ukiujibu ukurasa wa fomu kwa adabu hiyohiyo, umekwisha kumnyima haki yake. Afisa anayesoma fomu hajawahi kulala nyumbani kwako, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Atajua ulichoandika tu.

Jambo la pili ni mikono mingi. Kwetu mtoto halelewi na mtu mmoja. Bibi anamlisha, shangazi anamwogesha, dada yake wa miaka kumi na minne anashinda naye sebuleni asitoroke. Mama akiulizwa anatumia saa ngapi, anahesabu zake tu, na zinatoka chache. Lakini swali haliulizi nani anasaidia. Linauliza mtoto anahitaji msaada kiasi gani. Saa za bibi ziandikwe, na za shangazi, na za yule binti ambaye kwa kweli alipaswa kuwa anafanya kazi zake za shule.

Kinachosaidia kuliko maneno matamu ni daftari. Kwa siku tatu au nne andika kila kitu pamoja na saa: saa kumi na moja alfajiri ameamka, ameruka kitandani mpaka saa moja, nimekaa naye. Saa mbili kasoro robo amekataa viatu, dakika ishirini na tano. Siku mbaya iandike kama ilivyokuwa, kisha useme siku kama hiyo huja mara ngapi kwa wiki. Hakuna haja ya kuongeza chumvi. Andika saa za huku kwa namna ya huku, saa kumi na moja yetu ni saa tano yao, maana daftari likisomwa vibaya mtoto ataonekana analala mpaka karibu na adhuhuri. Ambatanisha na barua ya mwalimu, au ya mtaalamu wa usemi, au ya yeyote anayemwona mtoto akiwa katika hali yake.

Malipo yenyewe yana sehemu mbili. Ya matunzo ina viwango vitatu, na kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 vilikuwa paundi 29.20, 73.90 na 110.40 kwa wiki. Kiwango cha chini ni kwa anayehitaji msaada sehemu tu ya siku, cha kati kwa anayehitaji msaada wa mara kwa mara au wa kuangaliwa muda wote mchana, au anayehitaji usiku, na cha juu ni mchana na usiku pamoja. Sehemu ya pili ni ya kutembea, ina viwango viwili, na mwaka huohuo ilikuwa paundi 29.20 kuanzia umri wa miaka 5, na 77.05 kuanzia miaka 3. Wazazi huiruka wakisema mwanangu ana miguu mizima. Ile ya chini haikuulizi miguu. Inauliza kama anaweza kupita mahali asipopazoea bila kuongozwa zaidi ya wenzake, na watoto wengi wenye usonji hawawezi. Aliyepata matunzo ya kati na kutembea ya chini mwaka huo alipata paundi 103.10 kwa wiki. Posho hulipwa kila wiki nne, kwa hiyo ziliingia 412.40. Viwango hupitiwa kila Aprili.

DLA pia hufungua milango mingine, na milango hiyo haijifungui yenyewe. Nyumba inayopokea Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, huongezewa fungu la mtoto mwenye ulemavu, ambalo mwaka huohuo lilikuwa paundi 158.76 kwa mwezi, au 495.87 kama mtoto ana matunzo ya kiwango cha juu. Lazima utoe taarifa wewe, mara barua ya DLA ifikapo. Usidhani ofisi moja itaiambia nyingine. Kama mtoto ana matunzo ya kati au ya juu na wewe unamhudumia saa 35 au zaidi kwa wiki, kuna Carer's Allowance, posho ya mlezi, iliyokuwa paundi 83.30 kwa wiki mwaka huohuo, ilimradi kipato chako cha kazi baada ya makato kisizidi kikomo, ambacho mwaka huo kilikuwa paundi 196 kwa wiki. Hiyo hukatwa kwenye Universal Credit, kwa hiyo pigeni hesabu kwanza pamoja na mshauri. Nyumba yenye DLA haiguswi tena na ukomo wa jumla wa benefiti, yaani kikomo cha posho zote ambazo nyumba moja inaweza kulipwa, na kwa familia yenye watoto wengi London hilo pekee linaweza kuzidi DLA yenyewe. Family Fund, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1973, huzisaidia familia za kipato kidogo kwa vitu kama mashine ya kufulia au vitanda.

Suala la viza linahitaji uangalifu mkubwa. DLA ni miongoni mwa fedha za umma, na viza nyingi zina sharti la kutozigusa. Posho hii kisheria ni ya mtoto, mzazi huipokea kwa niaba yake, kwa hiyo hali inayotazamwa kwa DLA ni ya mtoto. Universal Credit na Carer's Allowance ni za mzazi. Baba mwenye viza yenye sharti na mwanawe aliye raia wa Uingereza wako katika hali ambayo haifai kubahatisha. Amwone mshauri wa uhamiaji mwenye kibali kabla hajatia sahihi popote. Mtoto aliyezidi miaka 3 kwa kawaida awe amekaa nchini miezi 6 kati ya 12 iliyopita, ila sharti hilo la muda haliwabani waliopewa ukimbizi. Uchunguzi wa usonji katika hospitali za umma, shule ya serikali na mpango wa msaada wa shuleni havimo katika fedha hizo zilizokatazwa, na inasikitisha kuona mzazi amevikimbia kwa hofu ya viza. Wala kuomba DLA si kujishtaki kwa watu wa ustawi wa jamii.

Tarehe nayo ni fedha. Ukipiga simu ya DLA na kuomba fomu, kisha ukairudisha ndani ya wiki 6, posho huhesabiwa tangu siku ile uliyopiga. Ukiipakua mwenyewe kwenye intaneti, huhesabiwa tangu siku ilipowafikia. Piga simu, uwaambie unataka mkalimani wa Kiswahili, hulipii.

Jibu likiwa ni hapana, au kiwango ni cha chini kuliko hali halisi, una mwezi 1 tangu tarehe ya barua kuomba uamuzi utazamwe upya. Wakishikilia palepale, una mwezi 1 mwingine kwenda kwenye baraza la rufaa, ambalo halimo chini ya ofisi iliyokunyima. Halitozi ada. Kwa kawaida huketi hakimu, daktari, na mtu mwenye ujuzi wa maisha ya ulemavu, na utawekewa mkalimani ukimwomba. Nenda na lile daftari. Watakuuliza kuhusu siku ya kawaida nyumbani kwako, tangu mtoto anapofumbua macho, nawe utawasomea.