Je, wajua kwa nini lugha ya programu Python hukataa safari yenye "from"?

Tuseme unaandika programu ya kukatia tiketi za mabasi ya Dar es Salaam. Klasi inaitwa Safari, na kila safari ina kituo cha kuanzia na cha kuishia. Unaandika self.from = "Mbagala", unaendesha faili, inatoka SyntaxError: invalid syntax, yaani kosa la sarufi. Hata print ya mstari wa kwanza haionekani.

Haionekani kwa sababu Python huchanganua faili zima kabla ya kutekeleza chochote. Katika hatua hiyo from ni neno lililohifadhiwa, lina kazi yake tayari, kama kwenye from math import sqrt, na kanuni za lugha haziruhusu ichukuliwe kuwa jina. Objekti yenyewe haina shida nalo: setattr(safari, "from", "Mbagala") hukubaliwa, maana hapo ni maandishi tu ndani ya alama za nukuu. Ila kulisoma utalazimika kutumia getattr kila mara, karaha isiyo na faida.

Mwongozo wa mtindo wa Python, PEP 8, unashauri kuongeza kistari cha chini mwishoni: from_, class_. Lugha ya C# huweka @ mbele, yaani @class. Java haina njia ya namna hiyo, kwa hiyo badilisha jina. Kwa maoni yetu hilo ndilo bora popote: andika kituo_cha_kuanzia. Majina ya Kiswahili hayagongani na neno lolote kati ya 35 yaliyohifadhiwa na Python 3.8.

Angalia data inayotoka nje. JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data) ikija na ufunguo "from", Safari(**data), inayogeuza kila ufunguo kuwa jina la kigezo, itagoma kwa TypeError, kwani klasi inasubiri from_. Pitisha mwenyewe: Safari(from_=data["from"]).

Hatari zaidi ni list, id na type, majina ya zana zinazokuja na Python yenyewe. Hayo hayajahifadhiwa, kwa hiyo list = ["Mbagala", "Kariakoo"] hupita kimya. Mistari mingi baadaye list(abiria) inaanguka: 'list' object is not callable, nawe unatafuta kosa mahali pasipo kosa.

Orodha ya maneno yaliyohifadhiwa nayo hukua. Java 5 ilihifadhi enum mwaka 2004, Python 3.7 ikahifadhi async na await mwaka 2018, na maktaba zilizokuwa na kigezo kiitwacho async zikaacha kufanya kazi. Kabla ya kupandisha toleo, andika import keyword, kisha jaribu majina yako kwa keyword.iskeyword("async") ndani ya toleo jipya.