Kupaka Rangi Mifano Midogo ya Metali na Plastiki katika Hewa ya Pwani

Walimu na mafundi vijana wa Lindi wanaotengeneza mifano midogo ya meli, magari na dinosaria wa Tendaguru (kilima cha mkoani Lindi palipochimbwa mifupa yao) kwa ajili ya maonyesho hutuuliza kwa nini rangi waliyoinunua kwa bei kubwa hubanduka baada ya miezi michache. Mara nyingi kosa haliko kwenye kopo la rangi, bali kwenye uso uliopakwa na hewa iliyokuwapo wakati wa kupaka.

Mifano mingi ya plastiki hutengenezwa kwa polistireni, ambayo husukumwa ndani ya kalibu ikiwa ya moto. Mabaki ya mafuta ya kalibu, pamoja na jasho la vidole vya fundi, huzuia rangi isishike. Kwa hiyo vipande vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, visuuzwe, kisha viachwe vikauke vyenyewe. Asetoni na thinna ya magari zisiiguse plastiki hii kabisa, kwa kuwa huiyeyusha na kufuta michoro midogo ya uso wake.

Metali inadai uangalifu zaidi. Mifano ya zamani iliyomiminwa kwa mchanganyiko wa bati mara nyingi ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na madhara yake kwa watoto ni makubwa kuliko kwa watu wazima. Anayesawazisha kingo zake atumie msasa wa maji ili vumbi lisipae, asile wala kunywa penye kazi hiyo, na anawe mikono kwa sabuni amalizapo. Uso ukishafutwa kwa spiriti na kukauka, upakwe praima ya metali, yaani rangi ya kwanza inayoshikilia zile za juu, kwani rangi ya maji iliyopakwa juu ya metali tupu hukwanguka hata kwa ukucha.

Unyevu wa pwani yetu ndio unaowasumbua wengi, hasa katika miezi ya mvua. Vanishi yenye thinna inapokauka, thinna huvukiza na kuupoza uso, mvuke wa hewani hugeuka matone madogo mno juu yake, na vanishi iliyotakiwa kuonyesha rangi vizuri hubaki na weupe unaoificha. Tunashauri kazi ya vanishi isubiri siku kavu, ifanyike jua likiwa limepanda na madirisha yakiwa wazi, kwani mvuke wa thinna nao unadhuru mapafu. Mfano wa metali uliokaa karibu na dirisha linaloelekea baharini ufutwe kwanza, kwa sababu chumvi iliyofunikwa na rangi huendelea kuila metali chini kwa chini.

Rangi yenyewe ipakwe kwa tabaka mbili au tatu nyembamba, kwa brashi laini, kila tabaka likauke kabla ya lingine. Rangi ya mafuta ipewe angalau siku nzima, na isipakwe juu yake kitu chenye thinna kali, maana itajikunja. Baada ya hapo, rangi nyeusi au ya kahawia iliyozimuliwa sana huachwa itiririke kwenye mifereji ya uso, kisha brashi iliyokaushwa karibu kabisa hupitishwa juu ya matuta kwa rangi iliyopauka kidogo. Hatua hizi mbili huonyesha kina ambacho mwanga wa kawaida hauwezi kukitoa kwenye kitu kidogo.

Kwa dinosaria wa Tendaguru swali la rangi ni zito zaidi. Mifupa yao ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913 na mamia ya wafanyakazi wenyeji, wakiongozwa na msimamizi Boheti bin Amrani, na kiunzi kikubwa cha mmoja wao kilichoko katika makumbusho ya Berlin, Ujerumani, kina kimo cha mita 13.27, yaani takriban sentimita 27 katika mfano wa kipimo cha 1:50. Mifupa haikuhifadhi rangi ya ngozi. Tunapendelea rangi za udongo zisizong'aa, tena zilizofifishwa kidogo, kwa kuwa mnyama mkubwa aonekanaye kwa mbali hupauka machoni. Na kibao cha maelezo kiseme wazi kwamba rangi hiyo ni chaguo la fundi.