Dominik Hašek hakudaka kwa bahati: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Ukitaja makipa bora wa hoki ya barafu huwezi kumruka Dominik Hašek, Mcheki wa Pardubice aliyezaliwa Januari 1965. Ila watu wanarudia sana mambo ambayo hayako hivyo, na mimi huyu jamaa namkubali mno, kwa hiyo ngoja tuyaweke sawa.

Kubwa kuliko yote ni hili la kwamba alikuwa anadaka kwa bahati. Naelewa linatoka wapi, maana ukimwangalia kwa mara ya kwanza unaona mtu anagaragara kwenye barafu, miguu juu, mgongo chini, mara anaiachia fimbo yake makusudi ili akamate paki (kile kisahani cha mpira kinachochezewa badala ya mpira) kwa mkono ule ule ulioishika, na makipa wa Amerika Kaskazini enzi hizo walikuwa wamefundishwa kupiga magoti na kutanua miguu kwa mpangilio. Sasa jiulize, bahati gani inakaa na mtu misimu 6 mfululizo? Maana kuanzia 1993-94 mpaka 1998-99 ndiye aliyeongoza NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, kwa asilimia ya mashuti yaliyookolewa, kila msimu. Msimu huo wa 1993-94 akiwa Buffalo Sabres alifungwa wastani wa goli 1.95 kwa mechi, na tangu 1974 hakuna kipa wa ligi ile aliyekuwa ameshuka chini ya 2. Kwa maisha yake yote NHL aliokoa asilimia 92.2, tuzo ya kipa bora ya Vezina kachukua mara 6, na tuzo ya Hart ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi kwenye ligi kachukua mara 2, 1997 na 1998, kitu ambacho hakuna kipa mwingine amewahi kufanya. Kule kulala chini kulikuwa na hesabu yake: paki ikiwa karibu na goli ni ngumu kuinyanyua haraka, kwa hiyo ukiziba chini umeshammaliza mpigaji kwa sehemu kubwa, afu mwili wake ulikuwa unajikunja kuliko kawaida na macho yake hayaiachii paki. Mshambuliaji anafika pale hajui huyu kipa atafanya nini, anasita, na ule muda wa kusita ndio Hašek alikuwa anautaka. Aprili 1994 timu ya New Jersey walimpigia mashuti 70 kwenye mechi moja ya mtoano, ikaenda hadi kipindi cha nne cha nyongeza, na yote 70 akayazuia, Buffalo wakashinda 1-0. Hiyo ni akili na kazi, basi.

Lingine, eti alichelewa kukomaa, kwamba alikuwa kipa wa kawaida tu mpaka alipofika Marekani. Hapana jamani. Timu ya Chicago walimchagua 1983 kwenye ule uchaguzi ambao timu za NHL hupokezana kuchagua wachezaji vijana, raundi ya 10, nafasi ya 199, na hiyo nafasi ya chini haikuwa kwa sababu ya kiwango, Chekoslovakia ilikuwa chini ya wakomunisti na timu za NHL zilijua mchezaji wa kule anaweza asitoke kabisa. Kwao tayari alikuwa mkubwa, ubingwa wa nchi na Pardubice 1987 na 1989, na miaka ya mwisho ya 80 yeye ndiye kipa namba moja wa taifa. Alipovuka 1990 akawekwa nyuma ya kipa Ed Belfour pale Chicago, na 1992 wakampeleka Buffalo. Kwa hiyo waliochelewa ni wao, yeye alikuwa tayari zamani.

Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998 ndio watu wanachanganya kabisa, wanasema alimdakia penati Wayne Gretzky, yule nyota wa Canada. Gretzky hakupiga! Ilikuwa nusu fainali na Canada, 1-1, ikaenda penati, kocha wa Canada Marc Crawford akachagua watu 5 na Gretzky akabaki benchi anaangalia. Wakaja Fleury, Bourque, Nieuwendyk, Lindros na Shanahan, wote wakakosa mbele ya Hašek, huku Robert Reichel akiwa ameshamfunga kipa wa Canada Patrick Roy kwa upande wa Wacheki. Bourque ni beki, na mpaka leo Wacanada wanauliza kwa nini apige yeye. Fainali wakawapiga Urusi 1-0, goli la beki Petr Svoboda, na hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Wacheki wanayo kwenye hoki ya wanaume.

Kuhusu kombe la Stanley, lile la bingwa wa NHL, kuna wanaosema hakulichukua na wengine wanasema aliibeba Detroit, timu yake ya baadaye, mara mbili mgongoni. Ni hivi, 2002 alikuwa kipa wa kwanza na kwenye mtoano ule alimaliza mechi 6 bila kufungwa, hilo ni lake halali. 2008 alianza mechi 4 za raundi ya kwanza dhidi ya Nashville, matokeo yakawa 2-2, kocha akamwingiza kipa mwenzake Chris Osgood na Osgood ndiye aliyemaliza kazi. Buffalo ndio hakupata, 1999 walifungwa na Dallas kwenye fainali kwa goli la Brett Hull.

Na wanaosema hoki yake iliishia hapo 2008 wajue alirudi nyumbani Pardubice akachukua ubingwa wa Jamhuri ya Czech 2010, afu akaenda Spartak Moscow ya Urusi akadaka msimu mzima, ana miaka 45 akatimiza 46 huko huko, na kustaafu rasmi ilikuwa Oktoba 2012.